Mama aliyepangwa foleni ya tumbo: uchambuzi wa kisa cha mshtuko wa moyo

Hospitali ilikuwa na mashine nzima ya ECG, inayochora umeme wa moyo, ilikuwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na zamu ile ilikuwa na watu wanaojua kuvitumia vyote viwili. Bado zilipita dakika 133 tangu mgonjwa afike hadi ugonjwa wake ulipotajwa kwa jina. Visa vingi vya mshtuko wa moyo vinavyojadiliwa kwenye vikao vya kitabibu huishia kulaumu uhaba wa vifaa. Hiki hakitupi kisingizio hicho.

Majina, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa au hospitali vimeondolewa. Dakika zinazotajwa zinahesabiwa tangu alipofika dirisha la mapokezi.

Historia ya mgonjwa

Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye uzito wa kilo 68. Ana kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka kumi, ana presha, na dawa zake ni metformini ya sukari na amlodipini ya presha. Kwa miezi kadhaa alikuwa amezoea kujinunulia dawa za asidi ya tumbo, kwa kuwa kifua kilikuwa kikimuwaka kila anapopanda ngazi au kubeba mzigo. Hapo penyewe pana jambo: kiungulia kinachoamshwa na ngazi na kutulia mtu akikaa si cha kukiamini. Lakini maelezo hayo ya ngazi yalikuja kuandikwa siku ya pili, kwenye hospitali ya rufaa, sambamba na habari kwamba baba yake alifariki ghafla akiwa bado na nguvu zake. Siku ya kwanza hakuna aliyeuliza.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alisumbuliwa na maumivu ya chembe ya moyo, yakija na kuondoka. Saa moja hivi kabla ya kufika hospitali maumivu yalikaza na hayakuachia tena. Akatapika mara mbili, jasho la baridi likamtoka.

"Mwanangu, tumbo hili leo lina neno," alimwambia nesi wa mapokezi. Nesi akaandika alichoambiwa: maumivu ya tumbo la juu, kutapika. Presha 118/70, mapigo 58 kwa dakika, oksijeni asilimia 97, sukari 16.4. Akapewa kadi ya njano, yaani anaweza kusubiri, akakaa kwenye benchi na kijana wake.

Kilichotokea

Dakika ya 35 aliingia kwa daktari wa zamu. Tumbo lilikuwa laini, lenye uchungu kidogo likibonyezwa juu ya kitovu. Daktari aliandika vidonda vya tumbo, akaagiza sindano ya omeprazoli na dawa ya maji ya kupoza asidi. Kwa kuwa mgonjwa ana kisukari, akaongeza ECG na troponini, kipimo cha damu kinachopanda msuli wa moyo ukiumia. Uamuzi huo wa kuongeza ulikuwa sahihi, na kwenye faili umeandikwa kwa mstari mmoja wenye mwandiko mdogo, kama jambo la kutimiza wajibu.

ECG ilipigwa dakika ya 52. Juu ya karatasi mashine ilichapa kwamba mchoro ni wa kawaida, na daktari akatia sahihi. Troponini ya kipimo cha haraka ilisoma chini ya kiwango. Dawa ya maji ikamletea nafuu, mgonjwa akasema amepata ahueni, na watu wote wakapumua. Akaambiwa apumzike kidogo, akitulia ataruhusiwa.

Dakika ya 130 hivi nesi wa zamu alipita akamkuta ameinama, nguo ya mgongoni imelowa. Alimuuliza, "Mama, maumivu yamehama au ni palepale?" Akajibiwa kwamba yamepanda hadi kwenye taya, na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Nesi hakwenda kutafuta ruhusa. Alivuta mashine akapiga ECG ya pili, ikatoka dakika ya 133.

Safari hii hapakuhitajika jicho la mtaalamu. Kipande cha ST, mstari mfupi kwenye mchoro baada ya kila pigo, kilikuwa kimeinuka kwenye lidi II, III na aVF (lidi ni pembe ambazo mashine inautazamia moyo), na kwenye III kimeinuka milimita 4, zaidi ya kwenye II. Kwenye lidi I na aVL kilikuwa kimezama. Huo ni mshtuko wa moyo wa ukuta wa chini, na III inapoizidi II, mshipa unaoshukiwa ni ateri ya kulia ya moyo.

Alitafuna aspirini miligramu 300, akapewa klopidogreli miligramu 300, zote mbili za kuzuia damu isizidi kuganda. Oksijeni hakuwekewa kwa sababu alikuwa na asilimia 96. Wapo waliotaka kumwekea kwa mazoea tu, lakini haimsaidii mgonjwa ambaye kiwango chake hakijashuka chini ya 90. Kisha akawekewa naitroglisirini, dawa ya kulegeza mishipa, chini ya ulimi ili kupunguza maumivu.

Ndani ya dakika chache presha iliporomoka kutoka 112/68 hadi 74/40. Mgonjwa akawa wa kijivu, akaanza kujibu maswali kwa kuchelewa. Daktari alimlaza, akainua miguu, akafungua dripu ya chumvi mililita 250, halafu akafanya kile ambacho kingefaa kutangulia: aliing'oa elektrodi ya V4, kimoja cha vibandiko vya ECG, upande wa kushoto wa kifua akaibandika mahali palepale upande wa kulia. Kipande cha ST kilikuwa juu kwa milimita moja na nusu. Ventrikali ya kulia, chumba cha chini kinachosukuma damu kwenda mapafuni, nayo ilikuwa imepigwa. Mililita 250 nyingine zikaingia, na presha ikapanda hadi 96/58.

Uamuzi mkubwa: kuyeyusha hapa au kusafirisha

Mshipa ulioziba unazibuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni chumba cha katheta, ambako puto na stenti (kibomba cha wavu kinachoachwa ndani) huufungua mshipa moja kwa moja. Ya pili ni dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Ya kwanza ni bora, mradi iwezekane ndani ya dakika 120 tangu ECG ionyeshe tatizo. Hospitali yenye chumba cha katheta ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari la wagonjwa, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: ayeyushiwe pale pale, kisha asafirishwe.

Kabla ya dawa hiyo kuna maswali ambayo hayarukwi. Amewahi kuvuja damu kwenye ubongo? Amepata kiharusi miezi ya karibuni? Anatoka damu mahali popote? Kuna upasuaji mkubwa au ajali ya kichwa hivi karibuni? Je, maumivu yanapasua hadi mgongoni, ishara kwamba huenda ukuta wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, umechanika? Majibu yote yalikuwa hapana. Na kwa sababu faili lilianza na vidonda vya tumbo, daktari aliuliza zaidi kuhusu choo cheusi na kutapika damu. Hakuna.

Mazungumzo na kijana wa mgonjwa yaliandikwa vizuri kuliko kawaida ya mafaili yetu, nami nayaweka hapa kwa kuwa yanafaa kuigwa. Daktari alimwambia kwamba mshipa mmoja unaolisha moyo wa mama yake umeziba, na kila dakika inayopita kipande cha msuli kinakufa. Dawa ipo. Hatari yake kubwa ni kuvuja damu ubongoni, na humpata takriban mtu mmoja kati ya mia wanaopewa. Kijana akauliza, "Daktari, angekuwa mama yako?" Jibu lililoandikwa ni: "Ningempa, tena sasa hivi." Mgonjwa mwenyewe alikuwa anasikia, akatikisa kichwa kukubali, akasaini.

Lakini "sasa hivi" haikuwa sasa hivi. Dawa ilikuwa kwenye stoo kuu ya dawa, ufunguo unao mfamasia wa zamu, na utaratibu wa hospitali ulitaka daktari bingwa aidhinishe kwa simu kwanza. Bingwa alikuwa chumba cha upasuaji akishauriana juu ya mgonjwa mwingine, simu ikaita mara ya kwanza bila kupokelewa. Tenekteplesi, ndiyo dawa hiyo ya kuyeyusha, miligramu 35, dozi ya mtu wa kilo 60 hadi 70, iliingia mshipani dakika ya 174, yaani dakika 41 baada ya ECG ya pili. Miongozo ya Ulaya inataka isizidi 10. Katika hizo 41, robo saa hivi ilitumika kupandisha presha na nyingine kwenye maswali na ridhaa. Zilizobaki ni za ufunguo na simu. Enoksaparini, ya kuzuia damu isigande tena, miligramu 30 ilifuata mshipani, kisha dozi ya chini ya ngozi kwa uzito wake.

Baada ya dawa

Nusu saa baadaye mapigo yalishuka hadi 36. Mchoro ulionyesha vyumba vya juu na vya chini vya moyo vimeacha kusikilizana kabisa, kila kimoja kinapiga kivyake. Chumba kilijaa watu. Hali hii inatisha, ila kwenye mshtuko wa ukuta wa chini si ngeni, kwa sababu kituo kinachopitisha umeme katikati ya moyo, kwa watu wengi sana, hulishwa na ateri hiyo hiyo ya kulia. Alipewa atropini, dawa ya kuongeza mapigo, miligramu 1, ikarudiwa mara moja, na pedi za mashine ya kushtua moyo zikabandikwa kifuani na mgongoni zikiwa tayari kuuendesha moyo kwa umeme iwapo dawa itashindwa. Haikufika huko. Mapigo yalipanda hadi 54, na mawasiliano yakarejea polepole.

ECG ya saa moja baada ya dawa ilikuwa na ST ya milimita 1.5 mahali palipokuwa na 4. Ikishuka nusu au zaidi kati ya dakika 60 na 90, tunahesabu kwamba mshipa umefunguka. Maumivu aliyoyapa 9 kati ya 10 sasa aliyapa 2.

Hapo ukazuka ubishi. Wengine walitaka alale wodi ya wagonjwa mahututi hadi asubuhi, "atulie kwanza". Daktari wa zamu alikataa. Mshipa uliofunguliwa kwa dawa bado una ufinyu uliosababisha bonge, na unaweza kuziba tena bila taarifa. Ukiziba tena usiku, kwenye hospitali isiyo na chumba cha katheta, mgonjwa anakuwa na saa tatu za barabara mbele yake. Aliondoka dakika ya 262 akiwa na daktari, nesi, mashine ya kushtua moyo na nakala za ECG zote. Upande wa pili walikuwa wameshapigiwa simu na kutumiwa picha za michoro.

Chumba cha katheta na siku zilizofuata

Anjiografia, yaani picha ya mishipa ya moyo, ilifanyika kama saa saba baada ya tenekteplesi, ndani ya kipimo cha saa 2 hadi 24 kinachopendekezwa pale dawa inapofanya kazi. Mgonjwa alikuwa macho. Sindano ya ganzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mrija mwembamba ukapita kwenye ateri ya mkono hadi mdomo wa mishipa ya moyo, dawa ya rangi ikapulizwa huku eksirei ikirekodi. Njia ya mkono inapendelewa kuliko ya kinena, zaidi kwa mtu aliyetoka kupewa dawa ya kuyeyusha damu, kwa sababu pakivuja panabanwa kwa urahisi. Wanaoogopa kipimo hiki huwa wanashangaa wakisikia kwamba Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, aliingiza mrija wa aina hiyo kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni mwaka 1929, akatembea kwenda kupigwa eksirei. Mishipa ya moyo yenyewe ilisubiri hadi 1977, Andreas Grüntzig alipoitanua kwa puto kwa mara ya kwanza mjini Zurich.

Ateri ya kulia ilikuwa na ufinyu wa asilimia 90 karibu na chanzo chake, kabla ya matawi yanayolisha ventrikali ya kulia, na mabaki ya bonge yakiwa yameng'ang'ania. Hilo lilieleza presha iliyoporomoka. Puto likatanua, stenti moja yenye dawa ikawekwa. Ateri ya mbele ya kushoto ilikuwa na ufinyu wa asilimia 40, ukaachiwa vidonge.

Eko ya kesho yake, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha ventrikali ya kushoto ikisukuma asilimia 50 ya damu yake kila pigo, na ya kulia ikiwa dhaifu kiasi. Metformini ilisimamishwa kwa saa 48 hadi figo zipimwe tena baada ya dawa ya rangi. Dawa ya kupunguza kasi ya moyo haikuharakishwa, kwa mtu ambaye mapigo yake yalikuwa 36 siku iliyotangulia. Aliruhusiwa siku ya tano akiwa na aspirini, klopidogreli, atovastatini miligramu 80 na dozi ndogo ya dawa ya presha inayolinda pia msuli wa moyo. Wiki ya sita ventrikali ya kulia ilikuwa imerudi kawaida.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilifanyika dirishani, na sitalibebesha nesi. Mfumo ulimpa visanduku viwili, kifua na tumbo, naye akatia tiki palipofanana na maneno ya mgonjwa. ECG ya ndani ya dakika 10 ilikuwa haki ya kisanduku cha kifua peke yake. Mwenye kisukari cha muda mrefu mishipa yake ya fahamu imechoka. Maumivu ya moyo yanaweza kumfikia kama kichefuchefu, uchovu au tumbo linalowaka, na kwa wanawake picha hii huonekana zaidi. Mpaka unaofaa ni mtu mzima yeyote mwenye maumivu mapya kati ya taya na kitovu. Pia zilikuwepo namba. Mtu anayetapika kwa maumivu moyo wake hukimbia. Huyu alikuwa na 58 bila kutumia dawa yoyote ya kupunguza mapigo, na hilo peke yake lilitosha kumtoa kwenye benchi.

ECG ya kwanza ndiyo sehemu ninayoirudia kila ninapofundisha kisa hiki. Haikuwa ya kawaida. Kwenye aVL wimbi la T, linalofuata kipande cha ST, lilikuwa limegeuka chini na ST imezama kwa unywele. Lidi hiyo inautazama moyo kutoka karibu mkabala na III, hivyo ukuta wa chini unapoanza kuumia, aVL inaweza kuonyesha mabadiliko ya kinyume kabla lidi za chini zenyewe hazijainuka. Mashine haikulisema hilo, na msomaji alisoma maneno ya mashine badala ya mchoro. Palikuwa na msaada mwingine usiotumika: ECG ya mwaka uliotangulia ilikuwa kwenye faili la kliniki ya kisukari, jengo la pili, na wimbi la T kwenye aVL yake lilikuwa wima. Kuziweka mbili hizo pamoja kungemaliza mjadala.

Hata kama ingekuwa safi kweli, ECG moja inaeleza dakika ile tu iliyopigwa. Mgonjwa anayeendelea kuumwa hurudiwa kila dakika 15 hadi 30 katika saa ya mwanzo. Huyu alikaa dakika 81 kati ya mchoro wa kwanza na wa pili, na wa pili ulipigwa kwa sababu nesi alitumia akili yake.

Troponini nayo ilichukuliwa mapema mno. Maumivu mazito yalikuwa na saa mbili hivi, na kipimo cha kawaida huanza kupanda saa tatu hadi nne baada ya msuli kuumia. Namba ya chini katika muda huo inadai kipimo cha pili, wala haimruhusu mtu kwenda nyumbani. Na nafuu ya dawa ya asidi? Haitenganishi tumbo na moyo. Maumivu ya moyo yanayokuja na kuondoka yanaweza kuondoka muda uleule ambao mgonjwa amemaliza kunywa dawa, na sifa ikaenda kwa chupa.

Kuhusu naitroglisirini, wapo wanaosema hatari yake kwa ventrikali ya kulia imekuzwa vitabuni. Iwe hivyo. Ventrikali ya kulia iliyojeruhiwa husukuma kwa kutegemea damu inayorudi kwayo, na dawa inayolegeza vena hupunguza damu hiyo. Kuhamisha elektrodi moja huchukua nusu dakika, na ukishaona ukuta wa chini umeguswa, nusu dakika hiyo itangulie kidonge. Kilichomwokoa mgonjwa hapa ni kwamba daktari hakung'ang'ania. Alibadili mawazo papo hapo na kujaza maji kwa vipimo vidogo huku akisikiliza mapafu.

Yaliyofanyika vizuri yana uzito wake pia. Uamuzi wa kuyeyusha haukusubiri troponini ya pili, na haukupaswa kusubiri. Kusafirishwa usiku uleule kulimpa nafasi ya stenti kabla mshipa haujaziba tena. Ridhaa ilikuwa mazungumzo ya kweli.

Upande wa kuruhusiwa kulikuwa na pengo. Wiki ya tano mgonjwa aling'olewa jino, na huko akaambiwa asimamishe klopidogreli kwa siku nne. Akasimamisha. Hakupata madhara, lakini stenti mpya isiyo na ulinzi wa dawa mbili inaweza kuziba ghafla, na muda wa kawaida baada ya mshtuko wa moyo ni miezi 12 isipokuwa kuna sababu kubwa ya kufupisha. Cheti chake cha kutoka kiliorodhesha dawa zote bila kuandika ipi isiguswe na nani apigiwe simu kabla ya kuigusa.

Kilichobadilishwa

Boksi moja la dawa ya kuyeyusha sasa linakaa kwenye kabati la chumba cha dharura, na daktari wa zamu akitimiza orodha ya maswali anaruhusiwa kuitoa, kisha ndipo anampigia bingwa. Karatasi ya mapokezi ina kisanduku kipya cha "taya hadi kitovu". Kwenye mashine ya ECG kumebandikwa mchoro wa mahali pa kuweka V4 upande wa kulia. Mafaili ya kliniki ya kisukari bado yako jengo la pili, na usiku mlango wake hufungwa.